Nilivyomtafsiri Mama

Kazi yangu ni kutafsiri sinema. Msiniulize nimesomea wapi, maana sijasomea. Nina banda la video hapa Katoro: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, skrini moja na spika mbili zinazotosha kuudhi mtaa mzima. Wachina wanapigana kwenye skrini, mimi nimekaa pembeni na maiki, nashusha sauti yao, napandisha yangu, nawaambia watu kinachosemwa. Kichina sikijui. Kihindi sikijui. Kikorea ndiyo usiseme. Lakini hakuna aliyewahi kutoka kwenye banda langu akalalamika kwamba hakuelewa, na wapo waliolia machozi kwa maneno niliyoyatunga huku natafuna muhogo.

Nilikuwa na sharti moja: siangalii filamu kabla ya kuitafsiri. Wenzangu waoga wanaangalia mara mbili tatu, wanaandika kwenye daftari kama wanafunzi. Mimi naivamia hivyohivyo. Nikiona midomo inafunguka, maneno yanakuja yenyewe. Na kila baada ya dakika kumi nataja namba yangu ya simu, hata kama shujaa wa filamu anakata roho, kwa sababu tafsiri zangu zinarekodiwa hapohapo, zinanakiliwa kwenye flashi na memori kadi na kusambaa machimboni kote, na mtu akifurahi ajue pa kunipata. Sharti hilo nilijisifia kwa miaka. Watu nao wakanisifia, nikavimba kichwa.

Sasa mama yangu. Yeye yuko Nyarugusu, anaponda mawe. Mawe yakitoka kwenye duara, shimo la wachimbaji, wanawake huyavunja kwa nyundo yawe vipande vidogo, ndipo yapelekwe kwenye karasha kusagwa. Mama ameponda tangu mimi natambaa. Kelele za karasha zilimla masikio taratibu, mpaka leo ukitaka akusikie inabidi umwinamie sikioni na kupayuka. Bahati nzuri kupayuka ndiyo kazi yangu.

Masikio alishayazoea. Kilichomvunja ni macho. Hospitali walituambia ni presha ya macho, kwamba yaliyokwenda yamekwenda, yaliyobaki wajaribu kuyazuia kwa matone. Alipoambiwa hivyo hakulia. Aliuliza jambo moja tu: nitaona mpaka lini? Nikajua anamuuliza daktari habari za kakaangu.

Kakaangu ndiye mzaliwa wa kwanza. Alifuata dhahabu machimbo ya mbali, akabadilisha laini ya simu, akapotea. Mara tunasikia yuko Chunya, mara amevuka mpaka, mara ameoa. Hakuna aliyekuwa na namba yake. Kila mgeni aliyeshuka Nyarugusu na sururu begani, mama alimwita akamuuliza. Alitaka amwone mwanawe kabla macho hayajazima. Pesa zake hakutaka, wala kitenge. Amwone sura, basi.

Ndipo akaja mtengeneza filamu.

Alishuka kwenye basi na begi la kamera, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na upole wa kutisha. Alimpa shikamoo kila mtu, hata dereva wa bodaboda aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi, jamaa akaitikia marahaba bila aibu. Alikuwa hajulikani, hilo alilisema mwenyewe mara tatu kabla ya chai, na nilivyomtazama niliona kwamba kutojulikana kulimpendeza. Watu walimleta kwangu kwa sababu mimi ndiye mtu wa filamu.

"Filamu zangu ni za majaribio," akaniambia.

"Zikishafaulu zinaitwaje?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba yeye anapunguza. Ameshatoa muziki. Ameshatoa hadithi. Ameshatoa mazungumzo. Nikamuuliza sasa umebakiza nini, akasema, "Muda." Nikamwambia muda hapa Katoro tunao tele, hatujawahi kuukatia tiketi. Hilo nalo hakulicheka, akatoa kijidaftari akaliandika. Mtu wa hivyo unamfanyaje?

Alitaka mtu mmoja tu, anayefanya kazi moja, mahali pamoja, na kamera isitikisike. Nikamwambia mama yangu anaponda mawe. Macho yakamng'aa kama nimemwonyesha mwamba wenye dhahabu. Nilimpeleka Nyarugusu, nikamwinamia mama na kupayuka kwamba kijana huyu anataka kumpiga picha ya kutembea, asimjali, aendelee na kazi.

"Shikamoo, mama," akasema yule bwana.

Mama alisoma midomo. "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko kwenu hawalagi?"

Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo picha itafika machimbo yote?"

Nikajitutumua. "Mama! Ikipita mikononi mwangu inafika mpaka Chunya. Inafika mpaka kusikofika barabara."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akafunga kilemba upya. Kwa nini mwanamke ambaye siku zote huchukia kupigwa picha alikubali upesi hivyo, sikujiuliza. Mimi ni mtu wa kujua wanayoyasema Wakorea, ya mama yangu yangenishinda? Nilimwona yule bwana anatega kamera yake, anamwomba mama kwa ishara asiongee, kidole mdomoni, na mama anaitikia kwa heshima. Nikasubiri kidogo. Hakuna kilichotokea. Nyundo juu, nyundo chini. Nikaona hapa nitaota mizizi, nikaenda kunywa soda kwa rafiki yangu mwenye karasha. Niliporudi walikuwa wameshamaliza, mama amekaa kimya, amelegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimemaliza," akasema. Nikadhani anazungumzia mawe.

Baada ya wiki kadhaa yule bwana alirudi na filamu kwenye flashi. Dakika kumi na moja. Jina haikuwa nalo, alisema jina ni mzigo kwa mtazamaji. Alitaka watu wa hapa waione kwanza kabla ya Wazungu, na ombi lake moja, tafadhali sana kaka, lilikuwa nisitie neno. Nikamwahidi. Halafu nikatoka nje na chaki nikaandika kwenye ubao: MAMA KOMANDOO WA NYARUGUSU, MPYA KABISA. Ningefanyaje? Ubao mtupu haumwiti mtu.

Mchana wa Jumamosi banda lilifurika. Mama nilimleta kwa bodaboda, amevaa gauni la kanisani, nikamweka benchi la mbele kabisa ili aone kwa kile kidogo alichobakiwa nacho. Haikuwa kawaida yake kuja bandani. Aliwasalimia watu kama mama wa bwana harusi.

Filamu ikaanza. Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha, mbele yake jiwe kubwa, mawe madogo ameyazungushia mpira wa tairi yasiruke. Nyundo juu, nyundo chini. Ko. Ko. Ko. Dakika ya kwanza watu walikaa kwa adabu, wakijua ni utangulizi, komandoo anakuja. Dakika ya pili mtu akauliza adui yuko wapi. Dakika ya tatu ikasikika sauti kutoka nyuma: "DJ, imeganda!"

"Haijaganda, si unaona nyundo inatembea?" mwingine akamjibu.

"Basi amewekwa kwenye marudio!"

Mtengeneza filamu alikuwa amekaa pembeni yangu, amefumba macho, anatabasamu. Mimi natoka jasho. Mjue kwamba katika maisha yangu sikuwahi kukaa dakika tatu mbele ya skrini na maiki mkononi bila kusema. Dakika ya nne watu wakaanza kudai viingilio vyao. Dakika ya tano mchimbaji mmoja, pande la mtu, alisimama akaliziba jua la mlangoni, akaniuliza kwa upole mbaya kama nimewaita hapa kuangalia kazi waliyoikimbia asubuhi.

Nikawasha maiki.

Sijutii dakika tatu za mwanzo, nasema ukweli. Nilikuwa moto. Nilitangaza kama mpira: nyundo inapanda, inashuka, jiwe linaomba msamaha, jiwe linasema mama nihurumie nina watoto! Watu wakakaa. Watu wakaanza kugonga mabenchi. Mtengeneza filamu alifumbua macho, akanishika mkono, akataka kuchomoa waya wa spika, na watu wa benchi la pili wakamvuta suruali wakamkalisha. Nikashusha sauti ya filamu mpaka chini, nikapandisha yangu.

Dakika ya nane mama akaweka nyundo chini. Akainua uso, akaitazama kamera moja kwa moja, akafungua mdomo, akaongea.

Jamani! Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Midomo! Baada ya dakika nane za ukame, midomo inafunguka! Sikujiuliza anasema nini. Kujiuliza si sehemu ya kazi. Nilibana koo nikatoa ile sauti yangu ya kike inayopendwa mpaka Runzewe, nikaanza:

"Wanangu mlioko machimboni, msinisumbue! Mama nimepata! Dhahabu ninayo mpaka kwenye kucha! Sina shida na mtu! Kaeni hukohuko mlikokwenda, mkithubutu kurudi hapa mnaiona hii nyundo?"

Na kwa bahati, Mungu anisamehe, hapo hapo kwenye skrini mama akaishika nyundo yake.

Banda lililipuka. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Yule pande la mtu alikuwa anapiga mabati kwa ngumi, anafuta machozi. Nikamwangalia mama. Alikuwa amejisogeza mbele, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye skrini, anajitazama anavyoongea. Halafu akageuka, akawatazama watu wanavyocheka. Akageuka tena mbele.

Nje aliniuliza, "Walikuwa wanachekaga nini?"

Nikamwinamia sikioni. "Wamefurahi, mama! Wamekupenda!"

Akafikiri. "Lile halikuwa jambo la kucheka," akasema, akapanda bodaboda. Nikaona ni uzee. Mtengeneza filamu yeye aliondoka bila kuaga, ila baada ya mwezi aliniandikia ujumbe mrefu kwamba amelifikiria upya jambo lile, kwamba nilichokifanya kilikuwa uingiliaji wa kijasiri, na kwamba angependa kuonyesha nakala yenye sauti yangu ughaibuni. Nikamjibu kwa kidole gumba. Watu hawa ukiwatukana wanakushukuru.

Nakala ile, basi, haikushikika. Ilipita Geita, ikapita Kahama, ikaingia machimboni kama homa. Madereva wa malori walikuwa nayo kwenye simu. Wasichana walininyooshea kidole sokoni: mkithubutu kurudi hapa! Niliambiwa kuna duara moja wachimbaji wamelipa jina la Mama Komandoo. Sikuwahi kuwa maarufu namna ile, na nilikuwa nafurahi, sitawadanganya.

Simu ilipigwa mchana mmoja nikiwa bandani, watu wamejaa wananisubiri nianze. Namba ngeni. Nikaipokea kwa mbwembwe, nikijua ni shabiki. Mtu wa upande wa pili alikuwa anacheka.

"Mdogo wangu," akasema. "Bado una mdomo mchafu vilevile."

Nikakaa juu ya spika. Kakaangu! Namba yangu ameitoa ndani ya filamu, pale nilipoitaja. Alikuwa mbali, kwenye simu ya kuazima, nyuma yake lori linanguruma. Aliniambia ameiona picha ya mama kwenye simu ya jamaa, ameirudia mara nyingi, ameona mama yuko imara, mkono wake bado una nguvu.

"Nilikuwa nimeshafunga begi," akasema. "Ujue miaka hii yote naona aibu kurudi mikono mitupu. Nikasema liwalo na liwe, naenda nikamwone mama. Halafu ndiyo nikaiona picha. Nikasikia anavyosema hana shida na mtu, tukae hukohuko. Nikasema sawa, nikafungua begi." Kicheko kikawa kimemwisha. "Kweli ndivyo alivyosema, eti? Maana wewe mtafsiri ndiye unayemwelewa. Sauti yake mwenyewe sikuisikia."

Hapa naomba mnielewe, au msinielewe, yote sawa. Banda zima lilikuwa linanisikiliza. Watu walionilipa kwa sababu najua wanachosema Wachina. Na mimi sikuwa najua mama yangu mzazi alisema nini. Sikuwahi kuuliza! Ningemwambia nini kakaangu, kwamba nilibahatisha? Mbele ya wale watu?

"Ndivyo," nikasema. "Kwani mimi huwa nakosea?"

"Haya," akasema. "Mwambie nimesikia." Simu ikakatika.

Sikuweza kutafsiri siku ile. Niliwarudishia watu viingilio vyao, nikafunga mlango, nikaitafuta ile flashi ya mwanzo ambayo yule bwana aliniachia, haijaguswa na sauti yangu. Nikaweka. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikakaa benchi la mbele pale alipokaa mama. Ko. Ko. Ko. Dakika saba nzima, na safari hii zilipita upesi kupita kiasi, maana sikutaka zifike.

Aliongea Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemtamkia mwandishi barua. Ng'wana wane, akaanza, mwanangu. Akamwita kakaangu kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo ni yeye peke yake anayelitumia. Akasema: masikio yangu yameshaondoka, na macho nayo yanafunga safari. Sikudai kitu. Usione aibu ya mikono mitupu, hata ulipozaliwa ulikuja nayo mitupu nikakupokea. Nzugu kaya. Njoo nyumbani nikuone, halafu ukitaka urudi. Kisha akaokota nyundo kuendelea na kazi, kwa sababu aliambiwa asiongee na alishavunja ahadi.

Nilipiga ile namba. Akapokea dereva. Akasema jamaa aliazima simu tu njiani, alishashuka, anakwenda machimbo mengine, hakutaja ni yapi. Nilimpigia tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka akanitukana.

Sasa kila mchana, kabla ya filamu ya kwanza, naonyesha ile ya mama kama ilivyo. Sitii neno. Mwishoni nimeongeza maandishi: namba yangu, na kwamba kakaangu apige. Nimeinakili, nimegawa bure kwa kila mwenye kibanda cha kuweka sinema kwenye flashi, nimewapa madereva wa malori. Wanaipokea, wanaangalia dakika mbili, wananiuliza mbona hii haijatafsiriwa. Halafu wanaifuta, wanabaki na ile nyingine. Ile nyingine inaendelea na safari zake kila siku bila msaada wangu, na sauti yangu iko ndani yake inamwambia kakaangu asithubutu kurudi.

Simu siizimi. Ikiita napokea hata nikiwa katikati ya mapigano.

Mama macho yameshakwenda. Mwezi uliopita alinitaka nimlete tena bandani, nikamleta, nikamkalisha benchi lilelile la mbele. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba kaka alipiga, nikamficha mengine. Filamu ikaanza, ko, ko, ko, na watu wakaanza kunyanyuka kama kawaida yao siku hizi, mmoja mmoja, wanakwenda kununua mihogo nje wakisubiri Wachina. Ilipofika dakika ya nane, nilimgusa bega kumjulisha kwamba ndiyo sasa anaongea. Akakaa wima, uso ameuelekeza kwenye skrini ambayo haioni, akaipisha sauti yake ambayo haisikii.

Alipohisi nimelegeza mkono akaniuliza, "Wanacheka?"

Nikageuka nikatazama mabenchi. Nikamwinamia sikioni.

"Hapana, mama. Hakuna anayecheka."

"Afadhali," akasema. "Basi leo wamenisikia."